Mlango Nilioufunga Mwenyewe

Nyumba yetu ya Kamachumu haikuwa na kitasa mpaka mimi nilipofikisha miaka ishirini na tisa. Mlango wa mbele ulifungwa kwa kipande cha waya kilichozungushwa kwenye msumari, na wa nyuma uliegemezwa kinu. Hata wakati wa vita, watu wa upande wa Kaagya walipokimbia mabomu wakapita kwetu na vifurushi vyao vichwani, tuliwalaza sebuleni wiki nzima, watu tusiowajua, na walipoondoka hakikupungua hata kijiko. Ndiyo maana sikuwahi kulifikiria suala la kufunga nyumba. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nilifikiria chaki.

Miaka michache baada ya vita tulikuwa tumebaki wanawake tupu. Baba alikufa zamani. Kaka zangu wawili walikufa wakiwa wamepishana miezi minane, kwa ugonjwa ule ambao wakati huo tuliutaja kwa kunong'ona au hatukuutaja kabisa. Nilikuwa nimebaki na mama, na mabinti wawili wa kaka mkubwa ambao mama yao alitangulia. Mwanaume wa karibu alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye kibanja chake, shamba lake la migomba, kilipakana na chetu. Yeye ndiye aliyechimba makaburi ya kaka zangu yote mawili, akiwa na vijana wa jirani. La pili alilichimba karibu peke yake, kwa sababu vijana nao walikuwa wanapungua.

Siku tulipoibiwa ilikuwa Jumamosi mchana, na sote tulikuwa mazikoni. Siku hizo Jumamosi na maziko vilikuwa kitu kimoja. Alikuwa amefariki mwalimu mwenzangu, na Kamachumu nzima ilikuwa kwao. Tuliporudi, jua bado likiwa juu, waya ulikuwa umefunguliwa na kuning'inizwa vizuri kwenye msumari wake. Redio haikuwepo. Baiskeli ya kaka haikuwepo, wala cherehani ya mama, wala magunia mawili ya kahawa kavu tuliyokuwa tunangoja kuyapeleka chama cha ushirika.

Nilisimama katikati ya sebule nikashindwa hata kupiga kelele. Si kwamba tulikuwa matajiri wa kulilia redio. Kilichoniuma ni kwamba mtu alikaa akahesabu maziko yetu. Alijua nani amekufa, saa ngapi tutakuwa tunaimba kaburini, na saa ngapi tutakuwa tunarudi. Binti mdogo alianza kulia kwa ajili ya baiskeli ya baba yake. Mama yeye alipita moja kwa moja mpaka jikoni, akakaa huko kidogo, akarudi akiwa anafuta mikono.

"Mwanangu," akaniambia kwa kubembeleza, "waitu, tuwashe moto. Watoto hawajala."

Nilidhani ni mshtuko.

Jumatatu nilikwenda kwa fundi seremala. Pale centa walikuwapo watatu, na huyu ndiye aliyetengeneza madawati ya shule yetu. Nilimkuta amesimama kwenye lundo la mapumba ya randa, na nyuma yake majeneza manne yameegemezwa ukutani, moja fupi.

"Mwalimu, sina nafasi," alisema kabla sijafungua mdomo. "Kama ni jeneza nitajitahidi. Kama ni kitu kingine, hapana."

"Ni mlango. Tumeibiwa. Nataka kuweka vitasa."

"Mlango unaweza kungoja." Akaonyesha kwa kidevu ubao aliokuwa anaupima. "Huyu hawezi. Na wenzangu wale wawili nao ni hivihivi, usijisumbue kuwafuata."

Nilibaki nimesimama. Nadhani alinihurumia, kwa sababu aliiweka chini penseli.

"Jumapili sifanyi kazi," akasema. "Nunua vitasa vyako, uje uchukue patasi, keke na bisibisi ukitoka misa. Jumatatu alfajiri virudi. Utafunga mwenyewe. Wewe si unafundisha hesabu? Kazi ni kupima tu."

Jumatano nilipanda lori la kahawa mpaka Bukoba mjini. Vitu vilikuwa adimu wakati ule, ila mtu mmoja aliniambia kwamba duka fulani karibu na soko lilikuwa limepata vitasa. Mwenye duka, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliniwekea mezani aina tatu. Ya kwanza ilikuwa kofuli na komeo lake la bati. "Hii inamzuia mbuzi," alisema. "Mwizi anang'oa komeo, kofuli unabaki nalo salama." Ya pili ilikuwa kitasa cha kubandika juu ya ubao kwa ndani. Ya tatu ilikuwa ile ya kuchimbia, inayozama yote ndani ya unene wa mlango, ukiona tu tundu la ufunguo.

"Nani atakufungia?" akauliza.

"Mimi."

Alinitazama juu ya miwani. "Basi chukua za kubandika. Hii ya kuchimbia utapasua mlango. Lakini nikuambie siri. Watu wanamaliza pesa kwenye kitasa, halafu wanafunga kwa skrubu fupi. Ukipiga teke, kitasa kinaruka chote. Chukua skrubu ndefu. Ndefu kabisa. Za kitasa zizame kwenye ubao, za kibati chake zishike fremu."

Nilinunua vitasa viwili vya kubandika, kila kimoja na funguo zake mbili, makomeo mawili mazito ya mlango wa nyuma, na skrubu ndefu kuliko zote alizokuwa nazo. Akanipatia na vipande vya nondo vya madirisha, nikavifunga kwa kamba ya mgomba. Njia nzima ya kurudi nilikuwa navipapasa vitasa vyangu kwenye mfuko.

Jumapili ile naikumbuka kwa furaha, na hilo linaniuma. Nilitoka misa nikavua gauni la kanisani, nikajifunga khanga, nikaanza. Nilipima mara tatu kila kitu. Keke, ile ya kutobolea ubao, ilinisumbua kwa sababu inataka uiegemee kwa kifua huku unazungusha, na mimi sikuwa na uzito. Patasi iliniteleza ikanikata chini ya kidole gumba, alama ipo mpaka leo. Kitasa cha kwanza nilikifunga, nikazungusha ufunguo, nikagundua kwamba kile kibati cha kwenye fremu nimekiweka chini mno, ulimi wa kitasa unagonga ubao. Nikafungua skrubu zote nikaanza upya. Nondo za madirisha nilizipachika kwa ndani, nikakunja ncha za misumari ili hata ukiwa na nyundo usiweze kuzing'oa kutoka nje. Nilipomaliza nilifunga, nikatoka nje, nikausukuma mlango kwa bega langu lote. Haukutikisika. Nilicheka peke yangu pale uani.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka akimenya ndizi. "Umefunga vizuri," alisema. Lakini hakuja kuujaribu.

Wiki tatu baadaye palitokea maziko mengine, ng'ambo ya bonde. Tulikwenda wote. Asubuhi nilimwona baba mdogo ndani ya kaburi, udongo ukiruka juu kutoka kwenye koleo lake. Adhuhuri mawingu yakakusanyika kutoka ziwani, mama akaanza kutetemeka kwa baridi, nikamwambia nakimbia nyumbani kumletea sweta.

Niliingia kwa njia ya migombani, nyuma ya nyumba. Kwanza nilisikia mlio wa chuma kwenye ubao. Halafu nikamwona. Baba mdogo alikuwa amepiga goti mbele ya mlango wetu wa nyuma, ameingiza mtaimbo kati ya mlango na fremu, anausukuma kwa uzito wa mwili. Udongo mwekundu wa kaburi ulikuwa bado haujakauka kwenye miguu yake.

"Tata," nilisema, jinsi tunavyowaita baba zetu. Sauti yangu sikuitambua. "Unafanya nini?"

Hakuruka. Hakukimbia. Aligeuka akanitazama kama mtu aliyekatizwa kazini, akauchomoa mtaimbo taratibu.

"Nilidhani mmebaki wote kule."

"Unafanya nini mlangoni kwetu?"

"Nani amefunga hivi vitasa?"

"Mimi."

"Umeweka skrubu ndefu," alisema. Nilisikia kwenye sauti yake kwamba ananisifu. Nikakaa chini pale pale, kwenye majani.

Naye alikaa, hatua chache kutoka kwangu, akaulaza mtaimbo mapajani.

"Mwanangu, nisikilize," akasema. "Kaka zako wamekwenda wote. Wewe umewauguza. Mama yako amewaosha kwa mikono yake. Mabinti hawa wamezaliwa mle mle kwenye ugonjwa. Unadhani mwaka ujao nani atakuwa anaishi humu? Umeona ile nyumba ya jirani yenu wa juu. Walipokwisha, watu wasiojulikana walikuja wakaezua mabati, wakabeba hadi milango. Nami nina watoto sita. Nikasema bora nichukue mimi, mapema, vibaki katika ukoo."

"Sisi hatuumwi, tata."

"Nao hawakuwa wanaumwa," alisema kwa upole. "Kaka yako alinibebea gunia mgongoni, miezi mitatu kabla."

Huo upole ndio ulionimaliza. Kama angenitukana ningejua la kufanya. Lakini mtu aliyenibeba nikiwa mtoto alikuwa ameketi mbele yangu ananieleza, bila chuki yoyote, kwamba ameshatuzika. Anachimba makaburi ya wengine huku ametuhesabu na sisi. Nilitazama mikono yangu, kidonda cha patasi kilikuwa kimepona vizuri, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama kweli ni mzima. Wakati ule hapakuwa na mahali pa kupima. Ulikuwa unajitazama tu.

Alisimama, akaweka mtaimbo begani, akaondoka kwa njia ya migombani. Mimi niliingia ndani, nikachukua sweta, nikarudi mazikoni. Sijui nilitembeaje.

Jioni, mabinti wakiwa kisimani, nilimweleza mama kila kitu. Nilitegemea apige ukunga. Aliendelea kupanga ndizi kwenye sufuria.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Tangu siku ile. Nilipoingia jikoni nilikuta kikombe kimetumika, kikasuuzwa, kikarudishwa kwenye kichanja, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Mwizi hasuuzi kikombe. Hapa anayefunika kikombe hivyo ni yeye tu. Ndivyo alivyofundishwa na marehemu bibi yako, yeye na baba yako."

"Na ukanyamaza? Ukaniacha niende Bukoba, nipasue mikono?"

"Ningesema nini? Tumpeleke kwa balozi wa nyumba kumi? Halafu?" Aliweka kifuniko juu ya sufuria. "Nani aliwachimbia kaka zako, mwanangu? Na sisi tukifa, nani atatuchimbia? Wewe utaweza kuchimba?"

Nilikuwa nimeshtuka mara mbili siku moja, na sikujua mshtuko upi ulikuwa mkubwa zaidi.

Kesho yake, bila kuniuliza, mama alichukua ufunguo wa pili wa mlango wa mbele, akavuka mpaka kwa baba mdogo, akampa mkononi. Aliniambia baadaye, kwa utulivu. Alimwambia hivi: "Sisi ni wanawake, hatuna mwanaume. Tukitoka, nyumba ni yako kuiangalia. Kitu kikipotea nitakuuliza wewe." Na yule mzee, alisema mama, aliupokea ufunguo kwa mikono yote miwili akainamisha kichwa. Siku ya pili yake cherehani ilikuwa barazani kwetu.

Mama aliona jambo limekwisha. Mimi sikuona hivyo. Kila nilipolala nilimwona amepiga goti pale mlangoni. Nilimwamkia, nilimpa kahawa akija, lakini nilikuwa natazama mikono yake. Basi Jumamosi moja, mama akiwa kwenye jumuiya ya kanisa, niliazima tena bisibisi nikafanya kitu cha nusu saa tu. Niling'oa kitasa cha mbele nikakipeleka nyuma, cha nyuma nikakileta mbele. Ufunguo wa baba mdogo sasa ulikuwa wa mlango wa nyuma, na wa nyuma ulikuwa na makomeo mawili kwa ndani. Mama nilimbadilishia ufunguo wake kwenye pindo la khanga, nikamwambia ule wa zamani ulikuwa umeanza kukwama. Nilijiona mjanja sana. Usiku ule nililala vizuri.

Ilipita karibu nusu mwaka. Hakuna kilichopotea. Tulipokwenda mazikoni baba mdogo alikuwa akimaliza kuchimba anakuja kukaa barazani kwetu mpaka turudi, ufunguo umening'inia shingoni kwa uzi wa katani. Hakuwahi kuujaribu. Hakuwa na sababu.

Kisha ikaja siku ya kazi, saa nne asubuhi, nafundisha darasa la tano kugawanya kwa tarakimu mbili. Jirani yetu, mama mmoja mtu mzima, alitokea dirishani akihema, khanga imemtoka begani.

"Mwalimu, kimbia. Mama yako."

Nilikimbia kilomita mbili na chaki mkononi. Nilipofika, mlango wangu wa mbele ulikuwa umelala uani, umepasuka katikati. Kitasa kilikuwa bado kimeshikilia kipande cha fremu, skrubu zake zote zipo, hakuna hata moja iliyolegea. Mama alikuwa amelazwa kwenye mkeka, macho yamegeuka, mguu mmoja umekaa vibaya. Baba mdogo alikuwa ameketi chini kando yake, mikono inavuja damu.

Jirani ndiye aliyenieleza. Mama aliamka na homa kali, sisi tukiwa tumeshatoka. Kama nilivyomfundisha, alikuwa amejifungia ndani na kuchomoa ufunguo. Homa ikampanda, akaanguka, paja likavunjika. Jirani alimsikia akilia, akaenda kumwita baba mdogo shambani. Akaja mbio. Watu wakataka kuvunja mlango, yeye akawazuia. "Tulieni, ufunguo ninao mimi. Shemeji alinipa." Akauingiza. Haukuzunguka. Akautoa, akaupangusa kwenye shati, akauingiza tena. Akajaribu taratibu, akajaribu kwa nguvu. Watu wakaanza kutazamana. Wakaenda madirishani, wakakuta nondo. Wakaenda nyuma, wakakuta mlango hautikisiki. Huku mama anaita mle ndani, na sauti inapungua. Ndipo baba mdogo alipokwenda kuchukua mtaimbo wake. Alipiga, akapiga, karibu saa nzima.

"Alikuwa analia," jirani aliniambia. "Anapiga na analia, anasema, 'Shemeji, ufunguo ninao, ufunguo ninao.'"

Wanaume walikuwa wanafunga machela ya miti ya kumpeleka mama hospitali ya misheni. Baba mdogo alinyanyuka, akanijia, akauvua uzi shingoni.

"Mwalimu," alisema. Siku zote aliniita mwanangu. "Huu ufunguo ni wa mlango gani?"

Ningeweza kusema kitasa kiliharibika. Watu walikuwa wamesimama, wanatusikiliza.

"Wa nyuma," nikasema. "Nilivibadilisha."

Aliingia ndani kupitia pale palipokuwa mlango, akavuka sebule, nikamsikia anauingiza ule ufunguo kwenye mlango wa nyuma. Kitasa kililia mara moja, kikafunguka laini kabisa. Akarudi.

"Kweli," akasema. "Unazunguka." Akauweka mkononi mwangu, akaenda kushika machela mbele.

Mama alikaa hospitali miezi miwili. Siku ya tatu homa ilipomwachia nilimweleza nilichofanya, nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa na haki ya kumwogopa," akasema. "Lakini aliyekuwa ndani ni mimi."

Hakulirudia tena jambo hilo mpaka alipokufa, uzeeni kabisa, na kwa ugonjwa wa wazee. Alipona, akatembea kwa mkongojo. Mimi sikuumwa, wala mabinti. Wote wawili walimaliza shule, mmoja sasa ni nesi.

Aliyeumwa alikuwa baba mdogo. Ilianza mwaka uliofuata, kikohozi, kisha mkanda wa jeshi, kisha kila kitu tulichokuwa tunakijua. Mke wake alikuwa ameshatangulia kwa uzazi, na watoto wake sita, wengi wao walikuwa bado wadogo. Tukamhamishia kwetu, kwenye chumba cha kaka. Hatukuwahi kuzungumza kuhusu mlango. Aliniambia tu, siku moja nikimlisha uji, kwamba baiskeli aliiuza kwa wachuuzi wa samaki wa visiwani, na kahawa ililipa ada ya kijana wake mkubwa, na kwamba redio haikuwahi kushika stesheni vizuri. Nikacheka, naye akacheka mpaka akakohoa.

Asubuhi moja nililazimika kumbeba peke yangu kumpeleka uani aote jua. Niliingiza mikono chini yake, nikajiandaa kwa uzito wa mtu aliyepindua udongo wa nusu ya Kamachumu, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Nusura nianguke naye kinyumenyume. Hakuwa na uzito wowote. Nilisimama pale chumbani nimemkumbatia, sijui nimweke wapi.

"Taratibu, mwanangu," akasema.